Rutuba Inayotembea

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Babati hupita Minjingu, mashariki mwa Ziwa Manyara, na kama hakuambiwa lolote hataona sababu ya kusimama hapo. Kuna kilima, kuna mgodi, na kuna mitambo inayosaga mwamba kuwa unga. Unga huo ndio mbolea ya Minjingu, ambayo wakulima wengi wa Tanzania, na wa magharibi mwa Kenya pia, wameitia katika mashimo ya mahindi bila kujua kwamba asili yake ni kinyesi cha ndege. Ndege wenyewe walikuwa aina ya mnandi ambayo imekwisha kutoweka duniani. Waliishi wakati ambapo Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa na kilima hicho kikiwa kisiwa katikati ya maji. Walivua samaki mchana, wakarudi kisiwani kulala na kutaga, wakaacha kinyesi chao hapo kizazi baada ya kizazi, na mifupa ya waliokufa ikachanganyika na kinyesi hicho mpaka matabaka yote yakawa mwamba wa fosfeti, yaani mwamba wenye fosforasi.

Nimeufikiria mwamba huo kwa muda mrefu, kwa kuwa nilikulia Uchagani, mahali ambapo samadi huhesabiwa kuwa mali na mtu aliyeacha mavi ya ng'ombe yaliwe na mvua alionekana mzembe. Tulifundishwa kwamba samadi hurutubisha shamba, na jambo hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Samadi haitengenezi rutuba. Haina uwezo wa kuunda hata chembe moja ya fosforasi ambayo mnyama hakuila. Kazi yake ni uchukuzi: mnyama hula mahali pamoja, hutembea, kisha huacha mahali pengine kile ambacho mwili wake haukukihitaji. Minandi wa Minjingu hawakuumba fosfeti. Waliitoa ziwani ikiwa ndani ya samaki, wakaipandisha kilimani. Tukiisoma habari ya kinyesi kwa namna hii, mambo mengi yanayoonekana kuwa ya ajabu hueleweka, na kosa kubwa linalofanyika katika miji yetu huonekana waziwazi.

Hazina ya Minjingu iligunduliwa mwaka 1956 wakati wa upimaji wa mionzi uliofanywa kwa eropleni, kwa sababu fosfeti yake ina kiasi cha madini ya urani ambacho vyombo viliweza kukitambua kutoka angani. Uchimbaji wa mbolea ulianza mwaka 1983. Ubora wake mkubwa ni kwamba huyeyuka vizuri katika udongo wenye asidi, kiasi kwamba mkulima anaweza kuutumia unga huo moja kwa moja, bila kiwanda kuutia asidi kwanza kama inavyolazimika kufanyika kwa miamba mingi ya fosfeti duniani. Upungufu wake ni naitrojeni, na sababu ya upungufu huo inastahili kuelezwa kwa makini.

Kinyesi cha ndege kikiwa kibichi kina naitrojeni nyingi sana. Ndege hawana mkojo wa majimaji kama wetu. Ili kutunza maji mwilini, hutoa naitrojeni yao katika umbo la asidi ya uriki, na hiyo ndiyo ile sehemu nyeupe tunayoiona juu ya kinyesi cha kuku. Bakteria wakiifikia asidi hiyo huigeuza kuwa amonia, ambayo sehemu yake hupaa hewani na kutuachia harufu kali ya banda la kuku, na iliyobaki hugeuka kuwa naitreti, ambayo huyeyuka na kuchukuliwa na mvua ya kwanza. Fosforasi ina tabia tofauti kabisa. Hushikamana na kalsiamu, nayo hupatikana kwa wingi katika mifupa ya samaki na ya ndege, na muungano huo hauyeyuki kwa urahisi wala haugeuki kuwa hewa. Kwa hiyo baada ya miaka mingi ya mvua za bonde la Manyara, naitrojeni iliondoka na fosforasi ikabaki.

Pahali ambapo mvua haikunyesha, vyote viwili vilibaki. Visiwa vya Chincha, nje ya pwani ya Peru, viko kando ya mkondo wa bahari wenye maji baridi ambao hulisha samaki wasiohesabika na wakati huohuo huizuia mvua. Ndege wa baharini waliokula samaki hao waliacha huko matabaka ya kinyesi yenye kina cha zaidi ya mita 30, na kinyesi hicho, kiitwacho guano, kikawa mbolea kamili. Wainka, watawala wa kale wa Peru, waliijua thamani yake na waliwalinda ndege hao kwa sheria kali. Mwanasayansi Alexander von Humboldt alirudi Ulaya na sampuli zake mwaka 1804, na kuanzia miaka ya 1840 meli zilipanga foleni visiwani humo kupakia shehena ya kupeleka katika mashamba ya Uingereza na Marekani. Mwaka 1856 Marekani ilitunga sheria ya kumruhusu raia wake kutwaa kisiwa chochote chenye guano ambacho hakikuwa na mwenyewe, na mwaka 1864 Hispania iliviteka visiwa vya Chincha, ikaingia vitani na Peru na Chile. Waliokuwa wakichimba kinyesi hicho, katika vumbi la amonia linalochoma macho na mapafu, walikuwa hasa vibarua kutoka China waliofungwa na mikataba ambayo wengi wao hawakuishi hadi ikaisha. Naona ni wajibu kuwataja, kwa sababu vitabu vingi husifu mavuno ya Ulaya ya karne ile na kuwapita watu hao kimya.

Guano ilipokaribia kwisha, kemia ilileta suluhisho la nusu ya tatizo. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kuwa amonia, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza cha kazi hiyo kilianza huko Oppau. Tangu hapo naitrojeni imekuwa jambo la nishati: mwenye gesi au umeme wa kutosha anaweza kuitengeneza. Fosforasi haimo hewani, na hakuna kiwanda kitakachoitoa huko. Inatoka ardhini tu, na takriban asilimia 70 ya akiba ya fosfeti inayojulikana duniani imo Moroko na Sahara Magharibi. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu wa kwanza kuipata fosforasi ikiwa peke yake, Hennig Brand wa Hamburg mwaka 1669, hakuitoa katika mwamba. Aliitoa katika mkojo wa binadamu, akiuchemsha kwa kiasi kikubwa mpaka ukawa lami, kwa tamaa ya kupata dhahabu. Alichokipata kilikuwa kitu kinachong'aa gizani.

Mfano ulio hai zaidi wa uchukuzi huu hauhitaji safari ya Peru. Uko katika Mto Mara. Kiboko hushinda majini mchana kutwa kwa sababu ngozi yake haistahimili jua, na usiku hutoka kwenda kulisha nyikani, ambako anaweza kula majani yapatayo kilo 40 kabla ya kurudi. Kwa hiyo hula nchi kavu na hunya majini. Watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya wamekadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa mto huo na vijito vyake huingiza majini takriban tani 8.5 za mabaki ya majani kila siku. Wakati wa kiangazi, katika madimbwi ambayo maji yake hayatembei, mabaki hayo huoza chini na kumaliza oksijeni yote; mvua kubwa ikinyesha juu mtoni, maji hayo yasiyo na hewa husukumwa kwa ghafla kuelekea bondeni, na samaki hufa kwa wingi. Mwanzoni inaonekana kama uharibifu unaohitaji kulaumiwa mtu, mbolea ya mashambani au sumu ya viwandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ni viboko, na kwamba mto umeishi hivyo tangu zamani, ukiwalisha korongo, mamba na tai kwa samaki hao hao.

Mwaka uliofuata ulitoka utafiti mwingine kuhusu viboko wa Mara, na huu ulinigusa zaidi. Majani ya nyikani yana silika, kitu kilekile kinachoyafanya makali kiasi cha kukata vidole vya mtu anayeyang'oa. Mwili wa kiboko hauna kazi nayo, kwa hiyo silika hutoka na kinyesi, takriban tani 0.4 za silikoni (elementi iliyo kiini cha silika) huingia mtoni kwa siku, na huteremka kuelekea Ziwa Victoria. Huko ziwani wamo viumbe vidogo sana viitwavyo dayatomu, ambavyo hujenga maganda yao kwa silika na ambavyo ni miongoni mwa msingi wa chakula cha samaki. Silika ikipungua, dayatomu hupungua, na nafasi yao inaweza kutwaliwa na mwani usiofaa kuliwa. Mvuvi wa Musoma anayeinua wavu wake ana deni kwa kiboko aliyelisha usiku Maasai Mara, na hakuna ajuaye njia nyingine ya haraka ya kufikisha silika hiyo ziwani iwapo viboko watatoweka.

Ng'ombe hufanya kazi hiyohiyo, ila badala ya mto, kituo chake ni zizi. Hulisha mchana katika eneo kubwa na kulala usiku katika eneo dogo, na kwa namna hiyo rutuba ya nyika nzima hukusanywa ndani ya boma. Wafugaji huhama, boma huachwa, na majani yanayoota mahali pale huwa ya kijani kuliko yote ya jirani. Jambo hili wafugaji wamelijua siku zote. Kilichowashangaza wanasayansi, katika utafiti wa Narok uliochapishwa mwaka 2018, ni muda: walipima udongo wa maboma yaliyoachwa kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita na kukuta kwamba bado yana fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayoyazunguka. Swala na nyumbu hulisha katika viwanja hivyo hadi leo, nao huacha kinyesi chao papo hapo na hivyo kuiongeza rutuba iliyowavuta. Tumezoea kuambiwa kwamba mfugaji huharibu nyika kwa mifugo yake. Ushahidi wa Narok unaonyesha kwamba sehemu ya uzuri wa mbuga zile, zinazohesabiwa kuwa hazikuguswa na mtu, ni kazi ya mazizi ya wafugaji wa kale, na ningependa jambo hilo lifundishwe shuleni.

Siwezi kuyaacha mavi ya ng'ombe bila kuwataja mbawakawa wanaoyabiringisha. Wao ndio wanaomalizia safari kwa kuyafukia chini ya udongo, ambako mizizi huyafikia na amonia haipai. Australia ilijifunza umuhimu wao kwa taabu, maana ng'ombe walipofikishwa huko kuanzia mwaka 1788, mbawakawa wa nchi ile walikuwa wamezoea mavi makavu ya kangaruu na hawakuyamudu ya ng'ombe. Malisho yakafunikwa na mavi yaliyokauka, na nzi wakazaliana humo bila kiasi. Kuanzia mwaka 1968, kwa juhudi za mwanasayansi George Bornemissza, mbawakawa wa nje, wengi wao kutoka Afrika, walianza kuachiliwa huko. Na mwaka 2013 watafiti waliofanya majaribio Afrika Kusini walithibitisha kwamba aina mojawapo ya mbawakawa hawa, ikibiringisha tonge lake katika usiku usio na mwezi, huifuata njia iliyonyooka kwa kuuangalia mkanda mweupe wa nyota uitwao Njia Nyeupe angani.

Baharini uchukuzi huu hufanywa na viumbe wengine. Pono, samaki yule ambaye watu wa pwani humtaja wanapomsema mtu aliyezama usingizini, hukwangua matumbawe kwa meno magumu kama mdomo wa kasuku ili ale mwani ulioshikamana nayo, husaga chokaa yote kooni, kisha huitoa kama mchanga mweupe safi. Katika kisiwa kimoja cha Maldivi kilichopimwa kwa uangalifu na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya ulitokana na pono. Fukwe nyeupe za visiwa vya matumbawe, ambazo wageni husafiri mbali kuja kuzilalia, kwa sehemu zimejengwa na samaki hawa, na anayewavua pono bila kiasi anaipunguza fukwe pamoja na samaki. Nyangumi nao hula vilindini na hunya juu, karibu na mwanga, na hivyo huinua madini ya chuma ambayo mimea midogo ya bahari huyahitaji. Kutoka katika utumbo wa nyangumi wakubwa wenye meno hutoka pia ambari, ambayo hujijenga kuizunguka midomo migumu ya ngisi isiyosagika. Al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu aliyefika pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika juu ya ambari ya huku, na kwa karne nyingi watu wetu waliiokota ufukweni na kuiuza kwa bei ya kito ili iwe manukato.

Kinyesi hubeba pia viumbe hai. Mtoto wa tembo huzaliwa akiwa hana tumboni bakteria wa kumeng'enya majani, na huwapata kwa kula mavi ya mama yake au ya tembo wengine wa kundi. Binadamu amelifikia jambo hilo hospitalini kwa njia ndefu. Mgonjwa aliyetumia dawa nyingi za kuua bakteria anaweza kupoteza bakteria wake wema wa utumbo, na nafasi yao ikachukuliwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye huleta kuhara kunakorudi tena na tena na kunakoweza kuua. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio ambalo wagonjwa wa namna hiyo walipewa, kwa mrija unaopita puani, maji yenye kinyesi kilichochujwa cha mtu mzima wa afya. Kati ya wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara moja tu, ilhali kati ya 13 waliopewa dawa ya kawaida peke yake walipona 4. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa mno. Mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa yake ya kwanza inayotengenezwa kwa kinyesi cha watu waliopimwa. Nasisitiza neno waliopimwa: kinyesi cha mtu asiyechunguzwa kinaweza kubeba ugonjwa mbaya kuliko ule unaotibiwa, na hakuna anayepaswa kujaribu jambo hili nyumbani.

Sasa nirudi kwetu mlimani, kwa sababu kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, ni mfano wa kazi ya watu walioutambua uchukuzi huu na kuupanga kwa makusudi. Ng'ombe wa Kichagga amefungiwa bandani kwa vizazi vingi kutokana na ufinyu wa ardhi. Majani yake hukatwa nyanda za chini na kupandishwa, na kazi hiyo imebebwa zaidi na akina mama, vichwani mwao, kwa mwendo wa saa nyingi. Samadi hutolewa bandani na kuwekwa kwenye migomba na kahawa, maganda ya ndizi na mashina yake humrudia ng'ombe, na hivyo kila mzigo wa majani uliopanda mlima umeongeza kitu katika udongo wa juu. Watu husifu rutuba ya volkano ya Kilimanjaro, na volkano ina sehemu yake. Lakini ardhi inayolimwa kila mwaka kwa karne nyingi haidumu kwa volkano peke yake. Imedumu kwa migongo na shingo za akina mama hawa.

Jijini hali ni kinyume chake. Dar es Salaam hula mchele wa Mbeya na Morogoro, mahindi ya Ruvuma na Rukwa, viazi vya Njombe. Mtu mzima ambaye haongezeki uzito hutoa karibu naitrojeni na fosforasi yote aliyoila, kwa sababu mwili wake hauna pa kuiweka. Kwa maneno mengine, kila gunia linaloshushwa sokoni lina rutuba ya shamba fulani, na rutuba hiyo huishia katika vyoo vya mashimo na makaro, ikazama kwenye maji ya chini ya ardhi na kuyachafua, au ikaenda baharini. Wakazi wengi wa jiji hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Magari ya kunyonya hayapiti katika vichochoro vyembamba, na gharama yake huwashinda wengi. Ndipo watu hutapisha vyoo mvua kubwa zinaponyesha, wakaachia tope kinyesi litoke na mafuriko, au huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo kwa malipo madogo na kwa hatari kubwa ya afya zao. Huko mashambani, mkulima aliyeuza gunia lile hununua mbolea iliyovuka bahari. Uchukuzi wa upande mmoja hauna budi kuifilisi ardhi inayotoa.

Miji ya zamani ya Japani ilifanya vingine. Huko Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, kinyesi cha watu kilinunuliwa na wakulima wa vijiji vya karibu, wenye nyumba waligombania haki ya kukiuza, na kinyesi cha nyumba za matajiri kilikuwa na bei ya juu kwa kuwa walikula vizuri zaidi. Simaanishi kwamba tuige hivyo hivyo. Kinyesi cha binadamu kibichi hubeba kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo ambayo huweza kuishi udongoni kwa miaka, na hofu tuliyonayo juu yake ni hofu ya haki iliyookoa maisha ya watu wengi. Kinachotakiwa ni kuviua vimelea hivyo bila kuipoteza rutuba, na njia zake zinajulikana: joto, muda, ukavu, au kumpa kiumbe mwingine akile kwanza.

Majirani zetu wanazo kazi za kuonyesha. Mukuru, jijini Nairobi, kampuni ya Sanergy ilianzisha vyoo ambavyo kinyesi chake hukusanywa katika vyombo na kupelekwa kiwandani, ambako mabuu ya nzi askari weusi hukila pamoja na mabaki ya jikoni. Mabuu hayo yakikaushwa huwa na protini nyingi na hulishwa kuku na nguruwe, na kinachobaki huwa mboji. Nzi wenyewe wakishakua hawasumbui vyakula vya watu. Naivasha, kampuni ya Sanivation hupasha kinyesi joto mpaka vimelea vife, kisha hukichanganya na vumbi la mkaa na takataka za mashambani na kukifinyanga kuwa mkaa mbadala. Rwanda ilikuwa na magereza yaliyojaa maelfu ya watu baada ya mwaka 1994, na kinyesi chao kilikuwa kikitiririka hadi mabondeni. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali ilijenga mitambo mikubwa ya bayogesi chini ya ardhi, gesi ikapunguza sana kuni za jikoni, na maji mazito yanayotoka mwishoni yakatiwa katika bustani za magereza hayo.

Bayogesi inahitaji maelezo kidogo, maana wengi hudhani kwamba ukiivuna gesi umeimaliza mbolea. Ndani ya mtambo usioingia hewa, makundi mbalimbali ya bakteria hukivunja kinyesi kwa hatua, na kundi la mwisho hutoa methani, ambayo ni asilimia 50 hadi 70 ya gesi inayotoka. Methani ni kaboni na haidrojeni tu. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hazipandi na gesi; hubaki katika tope linalotoka, tena sehemu ya naitrojeni yake huwa imegeuka kuwa amonia ambayo mmea huichukua kwa urahisi zaidi. Kilo moja ya mavi mabichi ya ng'ombe, ikichanganywa na maji kiasi hichohicho, hutoa takriban lita 40 za gesi, kwa hiyo familia yenye ng'ombe wawili au watatu wa kufungiwa inaweza kupika chakula chake na bado ikawa na mbolea yake yote. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, imekuwa ikieneza mitambo ya kuba ya namna hii tangu miaka ya 1980, na mafundi wake wamejenga hata katika vihamba vya kwetu. Kinachoua mitambo mingi ni uzembe wa kuilisha na ukosefu wa fundi wa karibu. Mtambo wenyewe ukijengwa vizuri hudumu miaka mingi.

Kwa asiye na ng'ombe, kipo cha kuanzia ambacho kila mtu anacho. Sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka mwilini, yapata asilimia 80 na zaidi, na zaidi ya nusu ya fosforasi, hupita katika mkojo, ambao kwa mtu mwenye afya una vimelea vichache sana ukilinganishwa na kinyesi. Mkojo wa mtu mmoja kwa mwaka unatosha kurutubisha mita za mraba 300 hadi 400 za mazao. Jiji la Durban limejenga makumi ya maelfu ya vyoo vinavyoutenga mkojo na kinyesi tangu mwanzo, na utengaji huo ndio siri yote, kwa sababu ukishachanganya umeuambukiza. Anayetaka kujaribu katika bustani yake mwenyewe auweke mkojo katika dumu lililofungwa vizuri, ili amonia isipae, auchanganye na maji mara tatu au zaidi, aumwage katika mfereji kando ya mche, mbali na majani, kisha aufukie mara moja kwa udongo. Asiutumie mkojo huo kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Mazao yatakayoliwa na watu wengine yanahitaji mkojo uliohifadhiwa kwa miezi 6, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Ya nyumbani yanaweza kupewa mapema zaidi, alimradi uache mwezi mzima kati ya siku ya mwisho ya kumwagia na siku ya kuvuna, na mchicha usiumwagie mkojo kabisa kama unauchuma kila wiki.